Chuki dhidi ya mwenye ualbino imeandikwa "ugomvi wa watoto". Nifanyeje?

Mjomba wa Gatini: Assalaam alaykum. Naishi kisiwa kidogo hapa Pemba, polisi mpaka uvuke kwa mashua, na maji yakiwa makavu unangoja. Mpwa wangu ana ualbino. Mwezi uliopita kijana mmoja alimvua kofia gatini, akamwambia, "Nywele zako ni pesa." Nilivuka naye kesho yake. Askari kaandika "ugomvi wa watoto". Neno ualbino halimo, na yale maneno hayamo! Sasa atakayehesabu matukio ya chuki atatuonaje sisi wa visiwani?

Bi Mkubwa wa Wete: Pole sana mwanangu. Rudi, na safari hii usitie saini mpaka usomewe maelezo yako yote. Omba na namba ya RB, ile ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kabla ya hapo nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu, naye aandike: saa, mahali, nani alikuwepo, na matamshi yenyewe neno kwa neno. Hayo matamshi ndiyo kesi.

Niko Glasgow: Huku Uskochi kuna mashirika yanayopokea taarifa za chuki na kuzipeleka polisi kwa niaba ya aliyefanyiwa. Kwenu sheha au mwalimu wa madrasa anaweza kazi hiyo, asiyeweza nauli asinyamaze.

Mjomba wa Gatini: Ahsanteni. Sheha kaandika leo, akasoma kwa sauti. Mtoto akamsahihisha: "Hakusema nywele zako tu. Alisema na vidole."