Naomba ushauri: pikipiki ya cc 650 inakunywa mafuta kupita kiasi

Wakuu, habari za kazi. Nipo Mtwara mjini, nina pikipiki kubwa ya porini, silinda moja, ya kabureta. Safari zangu ni Tandahimba na Newala, hasa msimu wa korosho. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 20, sasa nikiihurumia sana ni 14. Nimepima kwa kujaza tangi mpaka shingoni, natembea, najaza tena.

Chujio la hewa nimesafisha (vumbi la huku mnalijua), breki hazibani gurudumu zikiachiwa, cheni iko sawa. Ila plagi inatoka nyeusi, masizi makavu, dalili kwamba mafuta yanazidi hewa. Fundi anataka tuweke jeti ndogo (kile kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta). Nasita, maana mafuta yakipungua mno injini itachemka kwenye mlima, tena nikiwa na mzigo.

Nikiri jambo: nilifunga matairi ya meno makubwa, nikapunguza upepo kwa ajili ya mchanga, na sproketi ya nyuma (gia inayovutwa na cheni) nikaiongeza meno matatu. Mita inasoma gurudumu la mbele, kwa hiyo sproketi haiidanganyi.

Nianze wapi? Nirudishe sproketi, au kwanza nikague choki, boya na sindano ya kabureta? Aliyewahi kupambana na hili anisaidie kabla fundi hajashika bisibisi.