Sanamu moja katika miji kadhaa: ipi ndiyo halisi?

Swali: Ndugu wapenzi wa sanaa, sanamu ya mchongaji Mfaransa Auguste Rodin ya raia wa mji wa Calais, Ufaransa, imesimama Calais kwenyewe, London na Paris, na kote inaitwa kazi halisi. Je, tunachotazama ni kazi ya msanii au ni nakala?

Jibu la kwanza: Ndugu, Rodin aliliumba umbo kwa udongo, likahamishiwa kwenye plasta, kisha mafundi wakatengeneza kalibu na kumimina ndani yake shaba iliyoyeyushwa, kwa hiyo hakuna shaba moja iliyo mama wa nyingine. Sheria ya Ufaransa huzihesabu sanamu 12 tu za kila umbo kuwa halisi. Mwaka 1916 Rodin aliikabidhi serikali kazi zake pamoja na haki ya kuzisubu, yaani kuzimimina kwa shaba, ndiyo maana zipo zilizotengenezwa baada ya kifo chake mwaka 1917.

Jibu la pili: Nakubali, ila naona ni haki ya mtazamaji kuelezwa kwenye kibandiko mwaka wa kubuniwa na mwaka wa kusubiwa, kwa kuwa rangi na ung'arishaji wa shaba hutegemea mafundi, na msanii aliyekwisha kufa hawezi kuvikagua. Hata chombo cha kukojolea ambacho msanii Marcel Duchamp alikitoa kama kazi ya sanaa mwaka 1917 kilipotea. Zinazoonyeshwa leo katika majumba ya sanaa ni nakala alizoziidhinisha mwenyewe baadaye.

Muuliza swali: Nashukuru. Basi nitaanza kutafuta mhuri wa kiwanda kilichoisubu kwenye kitako cha kila sanamu.