Siti ya baiskeli inanitesa, nisaidieni

MamaPili: Habari zenu wapendwa. Nina baiskeli ya mtumba ya Japani, kila siku naendesha Pongwe hadi Tanga mjini kazini, kwenda na kurudi. Siti iliyokuja nayo ilikuwa nyembamba halafu ngumu, mifupa ya makalio ikawa inauma, nikanunua ile pana ya jeli nikijua ndo nimepona, wapi! Sasa mapaja yanachubuka na nikifika nusu ya safari huku mbele kunakufa ganzi kabisa hadi nashuka nakokota. Hela ya kubahatisha tena sina. Kina dada mnakalia siti gani?

fundi_spoku: Pole sana dada. Huo ulaini ndo unakuponza, mifupa inazama, jeli inapanda katikati inabana nyama na mishipa, ganzi inatokea hapo. Siti inatakiwa ibebe mifupa 2 ya makalio basi. Usinunue kabla hujajipima. Chukua kipande cha boksi, weka kwenye ngazi, kalia, inama kama umeshika usukani, tulia kidogo halafu inuka. Utaona vishimo 2, pima katikati ya hiki hadi katikati ya kile, ongeza kama sm 2, huo ndo upana wako. Kila mtu ana wake, ya jirani isikudanganye.

Bi_Saumu: Mwenzangu ganzi usiivumilie hata siku moja. Mi nilipona kwa siti yenye uwazi katikati, ngumu kiasi. Na angalia unavaa nini, suruali ya jinzi ina ule mshono mnene unaokutana palepale unapokalia, mi huvaa taiti isiyo na mshono hapo chini ya dera.

kijana wa Chuda: Kimo cha siti pia! Kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ikizidi juu unasugua kulia kushoto, lazima uchubuke. Pua ya siti iwe sawa, ukiinamisha sana unateleza mbele mikono inaumia.

MamaPili: Nimepima jamani, sm 13 na nusu! Ile ya kwanza ina sm 13 yote, ya jeli 25, kumbe zote si zangu. Siti nimeshusha vidole 2, leo nimefika bila kushuka ila ganzi kidogo bado ipo. Fundi, ya sm 15 au 16 yenye uwazi nitapata kwenye mitumba?

fundi_spoku: Zipo. Nenda na rula, pima pale nyuma penye upana, na umwombe uijaribu kwanza.