Wenye hoteli Mbeya, maji ya alfajiri hayapiki chai! Mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka.

Hoteli moja hapa Mbeya mjini (siitaji, sitaki kesi), ya ghorofa, kapeti mpaka kwenye ngazi. Kwenye menyu wameandika chai ya majani kutoka Rungwe, shilingi elfu nne. Nikasema sawa, leo nakunywa chai ya maana. Trei ikaja na kabirika ka kauri ka baridi, ndani kuna kichujio cha duara kimeshindiliwa majani mpaka hayana pa kupumulia, na pembeni chupa ya chai. Dada mhudumu akafungua chupa akamimina. Mvuke wenyewe wa kubembeleza. Nikachomoa kipimajoto changu cha jikoni, na ndiyo, natembea nacho, chekeni mkimaliza tuendelee. Nyuzi 71!

Nikamuuliza, "Dada, haya maji yamechemka lini?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Yamechemka kaka, tunachemsha alfajiri ya wateja wote." Sasa yeye nimgombeze kwa lipi? Kapewa chupa, kaleta chupa.

Nikaomba kuonana na meneja. Huyo ndiye aliyenifanya nifungue huu uzi. Eti wateja wengine hawalalamiki, wakiona nyepesi wanaongeza sukari. Halafu, "Au tukuwekee tangawizi, bosi?" Tangawizi naipenda sana, ila siitaki inapoletwa kufunika uzembe.

Sikilizeni nyie wenye hoteli. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji yanavyowahi kutokota, kwa makadirio nyuzi moja pungufu kila mita 300. Pale Dar, usawa wa bahari, ni 100. Mbeya mjini tupo kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo maji yanayotokota mpaka mfuniko unaruka yana kama nyuzi 94 tu. Wa Mafinga na Mufindi msicheke, nyuzi zenu ni hizo hizo au pungufu kidogo. Maana yake huku juu tunaanza na hasara ya nyuzi sita kabla mtu hajagusa chochote. Mimina kwenye birika la baridi, umepoteza nyingine. Halafu kuna mtu anachukua maji hayo, anayaweka kwenye chupa tangu alfajiri, saa nne ndiyo anakuja kuzamishia majani ya chai nyeusi!

Ile rangi nyekundu na ule ukali unaokufungua macho vinatolewa na joto. Bila joto unapata maji ya njano yenye harufu ya majani kwa mbali. Ukiniuliza kitu kimoja kinachoharibu chai kuliko vyote hapa Nyanda za Juu Kusini, nitakwambia ni hicho, na kinachofuata kipo mbali sana nyuma yake.

Na asije mtu hapa na zile video za "maji yakichemka yaache yapoe kwanza mpaka 80". Hiyo ni chai ya kijani, ambayo ikikutana na maji makali inakuwa chungu. Chai nyeusi inataka maji yanayotokota. Hata yale maelekezo ya nyuma ya pakiti za nje, "subiri kidogo baada ya kuchemka", aliyeyaandika haishi Uyole. Mtu wa Mbeya hana nyuzi za kupoza.

Kingine ni kipimo, na hapa nitawakera wengi. Kijiko ni tapeli. Viwanda vyetu vingi, vya Rungwe na vya Mufindi, vinatoa chai ya kusagwa, yaani jani linapita katikati ya rola zenye meno, linakatwakatwa na kuviringwa kuwa punje. Punje hizo ni nzito, kijiko kimoja kinabeba kweli. Lakini yale majani marefu ya kusokotwa, ambayo hoteli hizi zinayanunua ili zionekane za kisasa, yanajaza kijiko wakati uzito wake ni mdogo. Mpishi anaweka vijiko vile vile alivyozoea, chai inatoka nyepesi, anasema majani ni mabovu. Tumieni mzani jamani! Kuna kiwango cha kimataifa kabisa, ISO 3103, kilichotolewa 1980, kinachowaambia waonjaji waweke gramu 2 kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Hiyo ni kali makusudi ili kasoro zote zijitokeze, siyo ya kunywa ukipiga soga. Kwa nyumbani mimi naona nusu yake inatosha, gramu 5 au 6 kwa nusu lita.

Sasa mtu akiona chai nyepesi anafanya nini? Anaiacha ikae. Inakaa robo saa, nusu saa, mpaka mdomo unakakamaa kama umetafuna ndizi mbichi. Huo ni ukakasi tu, mnaudhania ni ukali. Chai ikiwa nyepesi ongeza majani, usiongeze dakika. Punje za kusagwa dakika tatu zimemaliza kazi. Majani marefu yape nne au tano, na uyape nafasi, maana yakilowa yanavimba mara kadhaa. Kile kichujio walichonishindilia, nilipokifungua, majani ya katikati yalikuwa bado makavu. Makavu! Elfu nne!

Kuhusu maji yenyewe sina maneno mengi. Birika likiwa na ukoko mweupe ndani, maji yana chokaa, chai itafifia na kuweka utando juu, tafuta maji mengine. Utunzaji nao, nilichungulia kaunta yao nikaona majani yapo kwenye jagi la kioo lisilo na mfuniko, jirani na beseni la vitunguu. Chai inanyonya harufu, kila mtu anajua hilo isipokuwa wao.

Kabla hamjanivamia, chai ya maziwa ya mama lishe wa Mwanjelwa siikosoi kabisa. Yule anachemsha majani mengi ndani ya sufuria, kwenye moto, na maziwa yanapunguza ule ukakasi. Shilingi mia tano na unatoka jasho. Yeye hajawahi kusikia habari ya ISO na anamshinda mwenye kapeti, kwa sababu sufuria lake lipo jikoni linatokota muda wote.

Kinachoniuma zaidi ni mkulima. Chai ipo Rungwe tangu enzi za Mjerumani, watu wamezaliwa na kuzeekea humo. Mama kule Tukuyu anaamka na baridi, anachuma majani mawili na chipukizi, akichanganya na yaliyokomaa karani wa kituoni anayarudisha mbele ya watu. Yakichelewa kufika kiwandani yanapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Yaani yeye anabanwa kila hatua, akikosea hata jani ni hasara yake. Halafu mwenye hoteli, kilomita sabini tu kutoka shambani, anashindwa kuwasha jagi la umeme!

Nataka mambo mawili tu. Suuzeni birika kwa maji ya moto kwanza, kisha mimineni maji yanayotokota, siyo yaliyowahi kutokota. Chupa ya chai wekeeni uji.

Na wadau, mwenye kujua mgahawa wowote kuanzia Tunduma mpaka Iringa mjini unaomimina maji yakiwa bado yanachemka, autaje hapa chini na mtaa wake. Ila kama ni wa shemeji yako, sema mapema ni wa shemeji yako, maana nitakuja na kipimajoto.