Mkahawa ndani ya godauni la zamani la mkonge, naanzia wapi?

Kijana wa Chumbageni
Habari wakuu, naombeni mawazo. Nimepata godauni hapa Tanga, zamani walikua wanaweka marobota ya mkonge, mita 24 kwa 12, kuta za mawe, sakafu zege, paa liko juu kama mita 7 hivi. Nataka kuuza kahawa na vitafunwa. Nilipanga nipige silingbodi nipake rangi nyeupe kote ila kila nikiingia roho inasita, maana lile paa na zile boriti ndo zilizonifanya nilipende. Sasa saa saba mchana mle ndani ni tanuri, na watu watatu tu wakiongea hamsikilizani. Nifanyeje?

Fundi Paa
Mkuu silingbodi achana nayo. Kwanza hakikisha ni bati kweli maana magodauni mengi ya zamani yameezekwa asbesto na ukiangalia toka chini vinafanana. Ikiwa asbesto usitoboe, usikate, vumbi lake ni saratani ya mapafu, tafuta wenye kibali waitoe. Kama ni bati basi lile joto limekwama juu halina pa kutokea, weka kwenye kilele cha paa zile feni zinazozungushwa na upepo, na chini fungua madirisha upande wa baharini, hewa ya moto itatoka juu, na ya baridi itaingia chini. Foili ya kuzuia joto ilaze kati ya boriti na bati, boriti zako zitabaki zinaonekana.

Mama Kashata
Mdogo wangu, mimi niko Mombasa, pangu palikua karakana ya magari. Nilianza na viti vya chuma na meza za kioo, watu wakinywa haraka haraka wanaondoka, nikadhani kahawa mbaya kumbe ni kelele! Zege halimezi sauti, inagonga inarudi. Simama katikati upige kofi moja usikilize linachukua muda gani kufa. Ning'iniza vitu vizito vya nyuzi, na wewe uko kwenye mkonge wenyewe, mazulia ya mkonge na magunia usiyatafute mbali. Halafu jenga baraza kando ya ukuta utie mito, mtu akishaegemeza mgongo na kikombe chake cha kahawa chungu hanyanyuki mapema.

Barista Moshi
Naongezea, usimwage sakafu mpya kabla hujajua kaunta inakaa wapi. Mashine ya espreso ya grupu mbili (yaani vichwa viwili vya kutolea kahawa) peke yake inakula kilowati 3 mpaka 4, bado friji na oveni, kwahiyo omba umeme wa fezi tatu mapema, na bomba la maji machafu lipite chini kwanza. Kuja kuchimba zege baadae inauma sana.

Kijana wa Chumbageni
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo asubuhi tumepanda na fundi, ni bati, lina kutu tu kwenye misumari. Kofi nimepiga, sekunde nne nzima, nimeshtuka! Mlangoni kuna mzani wa chuma wa kupimia marobota, ulikua uende kwa wanunuzi wa chuma chakavu wiki hii. Nimeghairi, kaunta itakaa pembeni yake.