Riba imepanda, nyumba zinashuka bei: nipunguze deni au nishike pesa?

Mwenye_Hati_Rehani:
Wakuu, naomba mwongozo. Deni la nyumba limebaki 10,000,000, muda uliobaki ni miezi 240, riba inayobadilika. Ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka, sasa barua inasema inakwenda 15. Kazini wameanza kupunguza watu. Nina akiba ya 1,000,000 kwenye benki hiyohiyo inayonidai, na nyumba kama yangu zinatangazwa kwa 9,000,000. Niitupe akiba kwenye deni, niuze mapema, au nitulie? Halafu kuna uvumi kwamba benki zinayumba.

Jedwali:
Mkuu, anza na hesabu. Kwa asilimia 12 rejesho lako ni kama 110,100 kwa mwezi. Kwa 15 linakuwa 131,700. Baadhi ya benki huacha rejesho lilelile na kukwambia "tumerefusha muda", nawe unaona umepona. Hujapona: riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 125,000. Ukilipa 110,100, zinapelea 14,900 zinazorudi kuongezwa juu ya deni, na mwezi unaofuata zinazaa riba nazo. Deni la namna hiyo halina mwisho. Dai jedwali jipya la marejesho kwa maandishi, uangalie kama salio linashuka.

Akiba? Kwa karatasi, kulipa deni kunashinda. Ukiingiza 1,000,000 na kuendelea na 131,700, unakata takriban miezi 84. Ila andika wazi kwamba unataka muda upungue. Usipoandika, benki inaweza kupunguza rejesho na kuacha miezi 240 palepale. Uliza pia kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati.

Karani_wa_Mikopo:
Hesabu za Jedwali ni sahihi, ushauri siukubali. Pesa ikishaingia kwenye deni hairudi, na siku kazi imekatika hakuna benki itakayokukopesha tena. Milioni hiyo ni marejesho ya miezi saba na ushee. Kwa mtu ambaye ajira yake inatikisika, hiyo ndiyo ngao yake. Kulipa deni mapema ni kwa mwenye kipato cha uhakika.

Sasa suala la nafuu. Watu wengi huenda benki kuomba muda tu, bila kujua kwamba kwenye deni refu la riba kubwa muda hausaidii kitu. Ukirefusha kutoka miezi 240 hadi 300 kwa asilimia 15, rejesho linashuka hadi 128,100. Umeongeza miaka mitano ili uokoe 3,600 kwa mwezi! Ukiomba ulipe riba tu, ni 125,000, nafuu isiyofika 7,000. Ukisimamisha kabisa kwa miezi sita, riba inalimbikizwa, deni linafika 10,773,800, na ukirudi kulipa kwa miezi 240 rejesho ni 141,900. Hiyo ni kwa dharura kweli, si kwa kupumua.

Pambana kwenye riba. Ikishuka kutoka 15 hadi 13, rejesho ni 117,200 bila kuongeza hata mwezi mmoja. Na nenda kabla hujachelewa kulipa. Chini ya kanuni za kihasibu za IFRS 9, ukipitisha siku 30 mkopo huchukuliwa kuwa hatari yake imeongezeka sana. Siku 90, kwa kawaida unahesabiwa chechefu, yaani mkopo usiolipika. Hapo benki inalazimika kutenga fedha zaidi kwa ajili ya hasara, na afisa anayekusikiliza leo hana tena uwezo wa kukuamulia.

Mthamini_Mstaafu:
Kuhusu kuuza: bei inayotangazwa siyo bei inayolipwa. Muulize mthamini thamani mbili, ya soko na ya mauzo ya haraka. Hii ya pili iko chini, na ndiyo benki inayoitazama inapofikiria mnada. Hata ukiuza kwa 9,000,000 kamili, kuna pengo la 1,000,000, ongeza ada za dalali, mwanasheria na kodi. Benki haiachii hati hadi pengo lizibwe. Maana yake akiba yote inaondoka na nyumba nayo inaondoka.

Bei kushuka peke yake hakukufukuzi. Ireland nyumba zilipoteza takriban nusu ya bei kati ya 2007 na 2013, lakini hasara ya bei hugeuka hasara ya mfukoni pale tu unapolazimika kuuza. Soma mkataba wako uone kama kuna kifungu kinachoiruhusu benki kudai dhamana ya ziada thamani ikishuka. Na usidhani mnada unafuta deni. Nchi nyingi, kiasi ambacho bei ya mnada haikukifikia utaendelea kudaiwa.

Mwenye_Hati_Rehani:
Shukrani wakuu. Na hiyo akiba, niiache ilipo?

Karani_wa_Mikopo:
Ihamishe, ila si kwa sababu ya uvumi. Mikataba mingi ya mikopo inairuhusu benki kukata akaunti yako yoyote iliyo kwake ukichelewa rejesho. Ngao haikai mikononi mwa anayekudai. Fungua akaunti benki nyingine, na kwenye hii acha rejesho la mwezi mmoja.

Kuhusu benki kuyumba, tazama kikomo cha bima ya amana, yaani kiasi cha juu ambacho mwenye akiba hulipwa benki ikifa. Huhesabiwa kwa kila mteja katika kila benki, kwa hiyo akaunti tatu ndani ya benki moja ni sawa na moja. Cyprus mwaka 2013 amana za hadi euro 100,000 ziliguswa kwa maneno tu, wazo likaachwa. Zilizozidi hapo katika Bank of Cyprus, asilimia 47.5 iligeuzwa hisa. Hisa na hati fungani za benki haziko kwenye bima hiyo, hata kama uliuziwa dirisha lilelile.

Jedwali:
Nakubali kwa upande wa ajira. Nyongeza: benki ikifa deni halifi nayo. Mfilisi, yaani anayekabidhiwa mali na madeni ya benki iliyokufa, huliuza au hulikusanya mwenyewe, kwa hiyo tunza taarifa ya salio ya kila mwezi iliyogongwa muhuri. Asiye nayo hubishana na mnunuzi wa deni kuhusu malipo aliyokwisha kulipa.