Kushusha spidi barabara kuu ili kubana mafuta: kuna faida kweli?

Mama Vitenge
Wadau, salaam. Naomba mawazo yenu, ila wale wa kuniambia nifunge mfumo wa gesi wasubiri uzi mwingine.

Nauza vitenge Dodoma, mzigo nafuata Kariakoo na Noah yangu ya petroli. Njia hiyo naijua vizuri: Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, mpaka foleni ya Kibaha. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei za mafuta, mimi nina kikokotoo mkononi kabla hata ya chai.

Juzi kwenye grupu letu la wafanyabiashara mmoja kasema serikali ishushe spidi barabara kuu, gari lolote lisizidi kilomita 80 kwa saa, halafu tusisikie tena habari za ruzuku ya mafuta kama zile bilioni 100 kwa mwezi za mwaka 2022. Grupu likawaka. Mwingine akajibu kwamba nchi haiendelei kwa kutambaa.

Mimi nimepima kwa gari langu. Dodoma mpaka Morogoro ni kama kilomita 260. Nikikanyaga 120 pale panaporuhusu, Noah inanipa kilomita 9 kwa lita. Nikitulia kwenye 90 inafika 12. Hapo nimeokoa kama lita saba, na kwa bei ya 3,000 ni elfu ishirini na kitu imebaki kwenye pochi. Muda unaopotea hata nusu saa haufiki. Mume wangu anasema naendesha kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, lakini hela ya mafuta haitoi yeye.

Sasa, kinachonifaa mimi kinafaa kuwa sheria ya nchi nzima?

Ticha wa Fizikia
Dada, vipimo vyako havijakudanganya. Gari likishakolea mwendo, adui mkubwa ni upepo, na nguvu ya upepo haipandi sambamba na spidi. Spidi ikizidishwa mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Ukitoka 110 ukashuka 90, nguvu hiyo inapungua kwa theluthi nzima. Na Noah ni refu, lina paji la uso pana, kwa hiyo unaliona jambo hili kuliko mwenye gari dogo la chini. Usishuke mno, lakini. Ukitambaa 30 kwa gia ndogo injini inakula mafuta huku huendi popote.

Kuhusu sheria, wenzetu walishajaribu. Waarabu walipofunga mafuta mwaka 1973, Nixon alisaini sheria Januari 1974 ya maili 55 kwa saa Marekani nzima, yaani karibu kilomita 88. Ilidumu mpaka 1995, ingawa huko mwishoni watu walikuwa wanaivunja mchana kweupe. Hispania nao, vita vya Libya vilipopandisha bei mwaka 2011, walishusha kutoka 120 kwenda 110 kuanzia Machi, wakabandika stika juu ya vibao. Kufika Julai stika zikabanduliwa.

Chagga wa Ubungo
Sheria zipo tele. Basi linabanwa na kile kifaa cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, likizidisha spidi linapiga kelele abiria wote wanasikia. Malori nayo mwisho wao 80. Wanaobaki ni sisi wa gari binafsi. Mnataka kutuongezea trafiki na tochi za kupima spidi kila kichaka ili taifa libane mafuta, halafu V8 za misafara ya wakubwa zitupite 160 taa zikiwaka? Elfu thelathini za faini zitamaliza hiyo pesa ya Mama Vitenge kwa kibao kimoja tu. Mimi hapana.

Mzee wa Kitonga
Nimesoma nikaona nichangie kidogo. Naendesha semi, Dar–Tunduma na kuvuka, kwenda na mzigo wa watu, kurudi na shaba. Miaka mingi sasa.

Mdogo wangu wa Ubungo anaongea kwa hasira lakini ana pointi. Watu mnabishana kuhusu kibao cha 80 au 100 kana kwamba barabara yetu imenyooka kama ya Ulaya, unaweka mguu pale pale kwa muda wa saa tatu. Njia yetu ni moja kwenda, moja kurudi. Katikati kuna mizani ya Vigwaza, Mikese, Makambako, mpaka Mpemba. Kuna vijiji. Kila kijiji kina rasta, yale matuta madogo madogo ya kutikisa gari, halafu tuta, halafu tuta lingine mbele ya shule. Mafuta yetu yanakwisha hapo.

Chukua gari la tani 48, liko 80. Mbele kuna tuta, unakandamiza breki mpaka 20, unavuka, unalirudisha 80. Kulinyanyua tena tani zote hizo kunakula robo tatu ya lita au zaidi. Tuta moja hilo! Ticha anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Sasa mtazame dereva kijana kijijini: kibao kinasema 50, yeye kati ya tuta na tuta anataka kurudi 80, anafunga breki, anakanyaga tena, moshi mweusi nyuma. Mwenzake anaingia na 50, anaishika hiyo hiyo 50, akiona tuta anaachia mafuta mapema, gari linajifia lenyewe. Huyu hasara yake kwa kila tuta haifiki hata nusu ya yule. Na kutoka kijijini wanatoka wameongozana.

Kwa hiyo Mama Vitenge, jibu langu: sheria mpya ya spidi kwa ajili ya mafuta sioni maana yake kwetu. Hii 50 ya vijijini iliyopo ikifuatwa, mafuta yatabaki na watoto watavuka salama. Ila kwa sisi wa malori, anayefundisha kubana mafuta si trafiki. Kwenye kampuni nyingi dereva anapewa lita za safari, zimehesabiwa. Ukizimaliza Makambako, utajua mwenyewe. Vijana hujifunza adabu ya mguu kwa hilo haraka kuliko kwa tochi. (Na wengine hujifunza kuuza kwa madumu, lakini hayo tuyaache.)

Jambo jingine nisisahau: kuna wanaoteremka mlima Kitonga wametoa gia, eti wanabana mafuta. Huo ni ujinga wa kuua. Injini za siku hizi ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, pampu haitoi hata tone, na injini inakusaidia kushika gari. Ukitoa gia inabidi ichome mafuta ili isizimike, na breki zinabaki peke yake mpaka zinaungua. Hakuna ulichookoa.

Mjerumani Mweusi
Niko Stuttgart. Huku mwaka 1973 mwezi wa kumi na moja waliweka kikomo cha 100 kwenye Autobahn kwa sababu ya mafuta, Machi 1974 wakakiondoa, na hadi leo kuna vipande vingi visivyo na kikomo, kuna ushauri tu wa 130. Ugomvi wa jambo hili hauishi kila mafuta yakipanda. Kwa hapa kushusha kuna maana, kwa sababu mtu anakimbia 160 saa nzima bila kugusa breki. Kwa barabara ya kwetu naungana na Mzee.

Chagga wa Ubungo
Mzee nimekuelewa. Lakini ukifuata 50 yako nyuma yako kuna magari kumi yanataka kuovateki kwenye kona. Hilo nalo ni la nani?

Mzee wa Kitonga
La wenye haraka. Mimi pakiwa wazi nawapigia indiketa ya kushoto wapite, wasipopita basi waning'inie nyuma.

Mama Vitenge
Asanteni. Ticha umenipa cha kumwonyesha mume. Mzee, swali moja: Noah ina mzigo mpaka juu ya keria wakati wa kurudi. Je, 90 yangu ibaki pale pale?

Mzee wa Kitonga
Ishushe 80, na hiyo keria ukifika Dodoma ifungue uiweke stoo. Watu wanatembea nayo tupu mwaka mzima, inakamata upepo bure. Mzigo wa vitambaa ingiza ndani, ng'oa siti ya nyuma kabisa. Halafu pima upepo wa tairi asubuhi kabla hujatoka, zikiwa baridi, uongeze kidogo kwa ajili ya mzigo. Kwenye ubavu wa mlango wa dereva kuna karatasi imeandikwa kipimo chake. Wengi huwa hawajawahi kuisoma.

Mama Vitenge
Imeandikwa Kijapani.

Mzee wa Kitonga
Namba ni zile zile, mama. Angalia ya mbele na ya nyuma, na kama kuna mbili za nyuma, kubwa ndiyo ya mzigo.